Bila Ngozi

Chioggia, saa kumi alfajiri. Barafu inamwagwa mezani
kwa kelele za meno yanayogongana.
Nives ananisukumia kreti la tatu kwa goti:
"Haya, msomi, hesabu mbwa wako."

Mbwa ndilo jina lao gatini hapa,
ingawa hawabweki,
wala hawana cha kung'atia: kinywani wamesakafia
vigae vya kusagia kaa.

Nina rula, penseli, na karatasi ya safu tatu.
Wa kwanza kijivu kitupu, kama ukuta wa forodha.
Wa pili ana nyota, nyeupe, ndogondogo,
kana kwamba mtu kamnyunyizia chumvi akasahau kumla.
Wa tatu ana madoa meusi: alipita karibu mno
na fundi anayepaka boti lami.
Kisha anatoka mmoja mwenye nyota mbili, doa moja,
na penseli yangu inaganda hewani.

Nives anacheka mpaka mvuke unamtoka.
"Nusu ya mji huu ni Boscolo. Posta ilichoka.
Serikali nayo ikasalimu amri,
ikatuandikia lakabu kwenye vitambulisho.
Mimi ni Boscolo Kengeza. Nitazame: macho yamenyooka!
Aliyekengeza ni babu yake babu.
Mimi nalipa kodi kwa jicho lake."

Anachukua kisu.
Tumboni mwa yule wa kijivu, watoto tisa,
kila mmoja na kitovu chake, kamba mpaka kwa mama,
kama nilivyofungwa mimi, kama ulivyofungwa wewe.
Tumboni mwa mwenye nyota hakuna kamba;
kila kitoto kimekuja na kiini chake,
msafiri aliyefungiwa chakula cha njiani
akaambiwa, basi, usiombe tena.

Tunakaa kimya kidogo. Hata Nives.

Na yule wa mashaka?
Dume.
Tumbo lake halina la kusema.

Kunapambazuka, wanunuzi wanabisha kwa sarafu.
Anawavua ngozi kama soksi, mmoja baada ya mwingine;
nyota zinaangukia ndooni, na madoa, na kijivu.
Ubaoni jina ni moja tu, palombo,
euro kumi na nne kwa kilo.

Pembeni mwa karatasi nachora safu ya nne,
nyembamba, imepinda kidogo,
naandika juu yake: kengeza.

"Herufi kubwa," anasema Nives,
bila kuinua macho. "Ni jina la watu."