Kauli ya Kutendwa

Darasa la gumbaru, Kariobangi, saa moja jioni.
Mwalimu Nyanchera anagawa tahariri ya jana,
karatasi imelowa mafuta, ilifungiwa maandazi.
Pigieni mstari maneno magumu, anasema.

Mobu. Nilidhani ni jina la mbwa.
Linchi: nikaandika, chakula cha mchana.
Darasa zima likacheka, nami nikacheka.
Intolaransi ni refu, halikutosha kwenye mstari,
miguu ikaning'inia nje
kama ya mtu mrefu kwenye kitanda cha hospitali.

Kiingereza cha mhariri kimepigwa pasi:
kijana alivamiwa, akapigwa, akachomwa,
alishukiwa kuiba simu.

Na nani? nikauliza.

Mwalimu akageukia ubao.
Hii ni kauli ya kutendwa, Musyimi.
Mtenda unaweza kumwacha nje,
na sentensi bado itasimama.

Nikanyamaza.
Mimi huziba pancha kando ya Outering.
Jumatatu ile walikuja mbio, wakihema,
wakataka moja kuukuu, yoyote tu.
Nikawachagulia.
Jioni nilikuwa na hasira, nakumbuka,
kwa sababu hakuna aliyelipa.

Daftari langu lina safu mbili:
kushoto lugha ya gazeti, kulia yetu.
Usiku huu nimejaza karibu yote.
Neno moja halikuwamo kwenye tahariri,
nimeliongeza mwenyewe, chini kabisa.
Kushoto, tairi.
Kulia, tairi.
Hilo tuliliazima zamani.