Meno Kumi na Manne

Bi Enid Larkham kaleta albamu ya marehemu
ndani ya boksi la viatu,
akaitua kati ya sahani ya biskuti na taa yangu.
Kettering, Novemba, saa kumi na nusu,
giza limeshapiga hodi.
"Wewe fundi wa meno," akasema, "nitazamie hii."

Stempu ya shilingi, kijani cha majani ya chai yaliyolala,
malkia kageuza uso kama mtu anayedaiwa.
Nikaweka kipimo: kumi na manne juu,
kumi na manne chini, kumi na manne ubavuni.
Hesabu haina kosa.
Mwongo stadi hajikwai kwenye hesabu.

Nikaleta lenzi.
Kulia, kila jino lina ndevu,
vinyuzi vilivyochanika siku lilipotenganishwa
na jirani wa karatasi moja.
Kushoto, ncha zimenyolewa. Safi. Sawasawa mno.
Na tundu la tatu halitazamani na mwenzake wa ng'ambo,
limesogea, unywele tu.
Upande huu haukuwahi kuwa na jirani:
palikuwa na ubawa mpana wa karatasi tupu,
wakusanyaji wakiuona kilema.
Mtu akaukata, akatoboa meno mapya.

Miaka thelathini na mmoja nimechonga meno ya bandia
katika chumba cha nyuma cha kliniki.
Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo;
wahenga hawakuwahi kulipwa kwa seti.
Nikanyamaza, nikakoroga chai isiyo na sukari.

"Ni Cyril," akasema. "Usinifiche.
Mwaka ule kiwanda kilipofungwa
aliondoka na kitobozi chembamba cha ngozi, basi.
Nilimsikia jikoni, usiku: tik. Tik. Tik.
Nikajigeuza ukutani.
Bei sikuulizi. Niambie tu,
kazi ni nzuri?"

Nikasema nzuri.
Nzuri kupita kiasi, na ndiyo kasoro yake:
hakuacha hata jino moja likosee.

Akacheka, mkono mdomoni,
kisha akauondoa.
Meno yale ya juu niliyatengeneza mimi,
na la pili kushoto nililipinda kidogo, makusudi,
ili dunia isimuulize.