Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Santuri ilikuwa ya Zdenko,
deni la dinari mia mbili ambalo sikuwahi kulilipa.
Nimeikuta leo nyuma ya kabati la mama, hapa Rijeka,
ghorofa ya sita, lifti mbovu kama zamani.
Jalada limeliwa na unyevu pembe moja.
Wale vijana wanne bado wamenuna
mbele ya ukuta wa kiwanda cha karatasi,
ndani ya suti za baba zao, mabega mapana kuliko umri.
Nchi iliyoichapa haipo tena;
jina lake limebaki hapa tu, kwa herufi ndogo, chini ya bei.

Mwaka themanini na moja. Miaka kumi na sita.
Nywele tulizisimamisha kwa maji ya sukari,
na Juni ilipoingia nyigu walitufuata hadi darasani.
Redio ilisema hili ni wimbi jipya.
Baba, mchomeleaji wa meli, akasema
mawimbi anayajua yeye,
hizi ni kelele.

Ulikuwa usiku wa bura,
upepo ule unaong'oa vigae
na kumfanya mzee mzima akumbatie nguzo ya taa.
Zdenko alicheza kama aliyekanyaga waya wa umeme;
kiwiko kikagonga meza, sindano ikaruka.
Mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele.
Tangu hapo, upande wa pili, wimbo wa tatu,
mwimbaji alisema:
*Milango yote imefungwa, kwa hiyo*
tak
*nami nitakusubiri ngazini.*

Shimo. Nasi tukahamia ndani yake.
Zdenko aliapa ni tusi kwa serikali,
ndiyo maana redio haikugusa upande wa pili.
Mirna alisema ni sala, kwa kuwa bibi yake alikuwa mtu wa sala.
Mimi nilinyamaza.
Nilikuwa na hakika ni jina langu.
Na mama, ng'ambo ya ukuta, akigonga kwa mpini wa ufagio,
akipiga kelele kitu ambacho hatukujisumbua kukisikia.

Kisha jeshi likamchukua Zdenko, kisha mambo mengine,
ambayo yana vitabu vyake na sitayarudia hapa.
Siku hizi anaendesha tramu Gothenburg.
Ana kipara. Nyigu hawamtaki.

Lovro, mpwa wangu, aliyekuja kubeba makochi,
amesoma jalada, akaitafuta kwenye simu, akaunganisha na spika.
Albamu ile ile, imesafishwa, imeng'arishwa
kama maiti ya mtu mwenye pesa.
Na nimesikia nisiyoyasikia zamani:
gitaa la besi, tulilodhani lina hasira,
lina woga, linahesabu;
mpiga kinanda anaingia mapema, anajikaza, anajifanya alikusudia;
mtu anakohoa mbali, nyuma ya ngoma za mashine.
Watoto. Walikuwa watoto wanaoogopa bili ya studio.

Halafu wimbo wa tatu.
Nikashika ukingo wa meza.
*Milango yote imefungwa, kwa hiyo*
*pitia dukani, lete maziwa,*
*nami nitakusubiri ngazini.*

Maziwa.

Nimecheka hadi nikakaa sakafuni, kati ya maboksi.
Lovro akaniuliza kama naumwa.
Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Maziwa.
Miaka arobaini na kitu nimetembea na jina langu
ndani ya kinywa cha mtu aliyetaka kifungua kinywa,
na mama alikuwa akiimba mstari ule ule ukutani, bure,
kwa mpini wa ufagio.

Lovro alipoteremka na kochi la kwanza
niliitoa ya kwetu, nikaipangusa kwa mkono wa sweta,
gramafoni ikanguruma, ikakubali.
Vumbi, vumbi, besi. Milango yote.
Tak.
Bado nimo mle. Sijatoka wote.

Nikamwandikia Zdenko maneno mawili: *Ni maziwa.*
Baada ya dakika moja: *Mwongo.*
Baada ya saa nzima, labda mwisho wa njia,
tramu tupu, taa zimewashwa:
*Lita ngapi?*