Mfasiri wa Mkuti

Kikorea sijui hata salamu.
Ila kila Ijumaa, Mkuti, Masasi,
kwa kiingilio cha mia tano
nashika kipaza sauti
na watu wa kwenye kioo wanasema nitakacho.

Juzi jambazi nilimwita Nannauka,
mpelelezi Chilumba.
Wakafukuzana juu ya majabali kama haya yetu,
lakini yao yamefunikwa weupe.
"Sufi imepasuka, jamani!" nikasema.
Banda likacheka.

Risasi. Kamba ikakatika.
Chilumba ananing'inia kwa vidole viwili,
nami napayuka:
"Usife, hujalipwa korosho zako!"

Ndipo akatokea mama mmoja, hana viatu,
akapiga magoti ukingoni,
akatamka neno.
Fupi. Kidevu kikamtetemeka.

Utani nilikuwa nao, tayari mdomoni.
Haukutoka.
Ikawa jenereta peke yake inaongea.

Mlangoni, Somoe muuza karanga,
ambaye mwanawe alibaki machimboni,
akasema taratibu, wala si kwangu:
"Mwanaka."

Kimakua. Nikalirudia kwenye kipaza
vilevile,
bila kulifasiri.