Kiatu cha Kushoto

Ulisema tutoke saa mbili. Saa mbili Tima alikuwa bado
kalala kifudifudi chini ya kitanda
akitafuta kiatu kimoja, cha kushoto, chenye kipepeo,
na kingine hataki, na kwenda peku hataki.
Nikafunga mahamri kwenye kitambaa. Nikafungua,
nikaongeza sita, ukasema, "Tunahama?"
Nikafunga tena. Chupa ya chai, juisi ya ukwaju,
suruali ya akiba ya Bunu, aliyeapa
kwamba mtu wa miaka sita hajikojolei botini.

Gatini, Obo hakutazama saa, alitazama maji.
"Shekue," alikwambia, "mkondo wa Takwa
humwingiza mtu kwa heshima, humtoa kwa miguu.
Msikawie."
Ulicheka. Mimi sikucheka.
Mimi ni wa Voi; kwetu maji huja kwa zamu,
Jumanne na Ijumaa, kwa mfereji unaokohoa,
na yakikatika hakuna wa kubishana nayo.

Injini ikatupenyeza katikati ya mikoko.
Bunu alihesabu mizizi hadi thelathini na tisa,
na kwa kuwa arubaini hajafundishwa
akaanza upya.

Nilikuwa nimejiandaa, unajua nilivyo.
Hapa palikuwa msikiti, nitawaambia. Hapa mlango wa mji.
Watu walitia udhu hapa, wakagombana, wakaoza mabinti,
kisha wakaondoka, na sababu
wengine husema ni visima kuingia chumvi.
Nikamshika Tima mkono mbele ya ile nguzo ndefu ya kaburi,
nikavuta pumzi.
"Mama, tazama!"
Nikatazama. Sisimizi saba
walikuwa wamebeba chembe ya hamri lake.
Basi tukachutama, na kuta zote zile zikatungoja
mpaka chembe ikafika nyumbani kwake.

Wakati wa kurudi, kiatu hakipo.
Si msikitini. Si kisimani. Si kwenye kivuli tulipokula.
Mji uliopoteza watu wake wote,
nasi tunauuliza habari za kiatu.
Ulianza kuita jina langu kwa ile sauti
ambayo nyumbani huitumia stima ikizimika.
Tima analia. Bunu anaona kaa, hataki kuondoka.
Na tulipofika kwenye mikoko
maji yalikuwa yameshakwenda zao.

Boti imelalia ubavu. Obo pia kalalia ubavu,
kofia usoni. Alisema bila kuifunua,
"Saa kumi na moja, inshallah."

Wewe hukuamini. Ulikunja suruali, ukashuka kuisukuma,
na tope likakumeza mguu, likakumeza wa pili,
ukasimama pale kama mwimo wa mlango usio na nyumba.
Tima aliacha kulia.
Bunu alicheka hadi ahadi yake ya asubuhi
ikamtoka, ikateremka mguuni, na hakujali.
Nami nikacheka, Shekue, nisamehe,
kisha nikakurushia hamri, ukalidaka.
Sita za ziada zote zililiwa. Hukuuliza tena kama tunahama.

Maji yalirudi polepole, yakilamba mzizi, yakingoja,
yakilamba mwingine,
na Bunu alikuwa amefika arubaini peke yake.

Langoni, mamako alitupokea barazani:
"Haya, wajukuu, Takwa mmeona nini?"
"Baba alikwama mpaka hapa," akasema Bunu,
akaonyesha kifuani, akaongeza dhiraa moja ya uongo.
"Sisimizi," akasema Tima.
Msikiti haukutajwa na mtu.

Usiku, ulipolala na harufu ya tope ambayo sabuni ilishindwa nayo,
nilikung'uta kitambaa cha mahamri juu ya karo.
Kikaanguka.
Cha kushoto. Nilikitia humo mwenyewe pale kivulini,
kisiliwe na mchanga.
Nimekificha nyuma ya mtungi.
Kesho nitasema kimeokotwa na Obo,
na Obo nimeshamtumia salamu.