Skrubu ya Nne

Tatu zimetoka. Ya nne imegoma:
kichwa kimeliwa, bisibisi inateleza.
Risten anaipasha moto, anaigonga,
anaisemesha kwa Kisami, ananyamaza.

Kisahanini, oringi za nozeli,
ngumu, zimepasuka kama kisigino.
Msimu mzima petroli ilivuja hapo
na Aslak akasema, ni harufu tu.
Juzi pikipiki ya theluji ilimzimikia;
akarudi kwa miguu,
kilomita kumi na moja za ziwa lililoganda,
kulungu wake wakimtazama.
Leo kazi yake ni kushika tochi.
Anaishika vizuri sana.

Krak!
Imelegea.
Hakuna anayeshangilia.
Risten anachovya kidole kwenye mafuta,
anaipaka pete mpya taratibu,
kama anayempaka mtoto
midomo iliyobabuka kwa baridi.