Kanyagio Lisilokuwepo

Februari, Trollhättan, theluji imepanda hadi vizingiti.
Ingegerd akaingia gereji, gongo moja na mguu wa bandia
ambao bado walikuwa hawajazoeana.
Wa kwake wa kushoto uliliwa na msumeno wa mbao mwezi wa tisa.
Leseni anayo.
"Nionyeshe yasiyo na klachi," akasema,
"ila si yale yanayojiamulia yenyewe.
Gia nataka nichague mimi."

Nilikuwa nayo mawili.

La kwanza Mfaransa wa zamani, rika la mjomba wangu,
ukiliwasha linanyanyuka kama ngamia, matako kwanza.
Kijiti chake chembamba kimekaa nyuma ya usukani.
Kisukume kwa vidole viwili:
hapo hujaingiza gia, umepeleka ombi.
Mafuta yanalibeba ombi ndani ya mabomba,
yanaachanisha klachi, yanasogeza meno, yanafunga tena,
na katikati kuna pumzi.
Usiikatize. Inua mguu kwenye ekseleta, ngoja,
kama umngojavyo mwenye kigugumizi amalizie neno lake.

La pili la hapahapa, la kiwanda kile cha ng'ambo ya mto,
kabla hakijafungwa. Huenda milango yake
aliipaka rangi baba yangu.
Mkono wa gia wa kweli, gia tano, juu na chini,
ukisukuma unasukuma chuma
na chuma kinakujibu kiganjani.
Klachi peke yake ndiyo iliyoajiriwa mtumishi:
waya ndani ya kirungu unaunusa mkono wako,
ukigusa tu, kule chini inaachia.

"Basi lile naliomba," Ingegerd akasema,
"na hili linanichungulia."

Miaka kumi na tisa nawaelezea wateja giaboksi,
sijawahi kuisema kwa maneno machache hivyo.

Mfaransa alimpeleka kando ya mfereji, penye malango ya maji,
akirudi anacheka. Mkono wake ulilala popote ulipotaka.

La pili tukalipandisha kilima cha kanisa.
Akaanza kunisimulia habari za Sixten, marehemu mumewe,
na katika kusimulia kiganja kikajishukia chenyewe juu ya kirungu.
Mazoea yana taabu.
Gari likaamini ameamrishwa kitu. Likaachia.
Injini ikapiga ukelele, sisi tunarudi kinyumenyume
kuelekea duka la mikate.
"Toa mkono!" nikasema, kwa sauti ambayo siitumii kwa wateja.
Akautoa. Akakanyaga breki.
Waipa zikaenda, zikarudi.

"Aliweka mkono wake juu ya wangu, hapa," akasema.
"Miaka thelathini na mmoja, kila safari.
Sikuwahi kujua alikuwa akinishika mimi
au anaishika gia."

Nilimshauri achukue Mfaransa.
Nilisema ukweli wote: huyu anavuja,
vipuri vyake ni vya kuwinda, lakini ana subira.
Hili la kwetu waya wake unachoka,
kompyuta iliyo ndani ikipigwa na baridi inanuna,
na siku ikinuna kabisa hata mimi sitaweza kuibembeleza.

Akalipia la pili. Noti kwa noti, mezani, juu ya grisi.
"Nikigusa," akasema, "iwe nimekusudia."

Mei akalileta kubadilisha oili.
Ameshajifunza: nilimwona akiingia,
mkono wa kulia umelala pajani kama paka,
ukaamka mara moja, ukarudisha gia, ukalala.

Nilipotoa mazulia kuyakung'uta
la kushoto lilikuwa na alama, upana wa soli,
mpira umesagika hadi kwenye nyuzi,
pale pale ambapo kanyagio la klachi lingekaa
kama lingekuwepo.

Nikalikung'uta, nikalirudisha lilivyokuwa.
Kwenye risiti niliandika oili, chujio, na kazi ya saa moja.